Barete Moja Tu

Mimi nilitaka barete moja tu ya memori, kale kabao kembamba kanakochomekwa ndani ya kompyuta ili ifanye kazi kwa haraka. Moja! Nasema hivi kwenu kwa sababu hapa nyumbani Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nikitaja neno kompyuta, watu wanahama sebuleni.

Mashine yetu ni ya okazioni, imeshatumiwa na wengine. Iliteremkia Dar es Salaam, ikavuka Zambia, ikaingilia Kasumbalesa na mikwaruzo yake yote. Giga 2 za memori. Ukiiwasha asubuhi unaoga, unakunywa chai, unagombana na jirani juu ya mtaro wa maji machafu, mnapatana, unarudi, na kale kaduara bado kanazunguka. Mwanangu wa chuo kikuu ndiye aliyenitia wazimu: "Papa, ongeza barete, itakimbia." Mama watoto yeye hakuwa na shida na mwendo wake. Kwake kompyuta ni kabati. Mle ndani mna video ya ndoa ya mdogo wake, na kabati halitakiwi kukimbia.

Nikashuka mjini na noti ya dola 20. Kijana wa duka hakuniuliza lolote kuhusu mashine yangu. Maswali yote aliiuliza noti. Aliiinua kwenye mwanga, akaipapasa, akaikunjua pembe, mwisho akagundua kachaniko kembamba kama unywele wa kichanga. "Papa, iyi haipite." Nikatoa nyingine. Sasa niambieni: feza ya Marekani ikichanika kidogo tu ni takataka, lakini barete anayoitoa kwenye karatasi ya kufungia maandazi, haina boksi, haina garantii, hiyo inapita! Tena bei imepanda. Ati huko ng'ambo wamejenga majumba ya akili bandia, na mashine zao zinameza memori kama nzige shambani. Nilijua ananidanganya. Mtoto akanihakikishia ni kweli, tangu mwisho wa 2025 bei zimepaa dunia nzima. Kwa hiyo mtu yuko California anaomba mashine imtungie barua ya mapenzi, na bili inakuja Katuba.

Nyumbani nikafungua lile sanduku. Vumbi jekundu mle ndani lingetosha tuta moja la viazi. Nikapuliza, nikakohoa, nikachomeka barete. Ikakataa. Nikaigeuza, ikakataa. Nikainuka niikalie kwa kiganja, vile unavyofunga sanduku la nguo lililojaa, mtoto akapiga yowe kama ninamnyonga mtu.

Kumbe memori zina vizazi, na mashine yangu inataka DDR3, zile zilizotoka mwaka 2007, zenye meno 240. Mimi nimeleta DDR4, ya mwaka 2014, meno 288. Umeme wenyewe hawanywi sawa: ya kwangu inataka volti 1.5, mdogo wake anatosheka na 1.2. Na ule mkato ulioko katikati ya meno wameuhamisha makusudi, ili mtu asilazimishe. Wale mainjinia hawajawahi kunikuta popote, lakini walinijua.

Nikarudi dukani. "Hatubadilishe, Papa, tunaongezea." Nikaongezea. Akanipa mbili za giga 4, mapacha, maana ukiziweka kwenye vishimo vya rangi moja zinafanya kazi kwa pamoja, kama watu wawili kwenye kinu kimoja. Kabla sijatoka akanionyesha na kipoza-joto cha prosesa: "Hii ni shaba safi, Papa. Inatoka China." Baba yangu aliyeyusha shaba maisha yake yote, hapahapa, chini ya lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba. Sikumjibu.

Nikachomeka mapacha. Ekra nyeusi. Pii, pii, pii, kama lori linalorudi nyuma. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kweli, na mtu asikudanganye kwa dola zako: chukua kifutio cha mtoto wa shule, sugua yale meno ya dhahabu taratibu, pangusa, rudisha. Ikawaka! Binti yangu alilia kwa ajili ya kifutio chake, nikamwambia ni kwa maendeleo ya familia.

Nikasoma kwenye ekra: memori giga 8, inayotumika 3.2. Hilo halikunishtua, mshahara wangu pia huandikwa hivyo. Mtoto akaeleza kuwa Windows yetu, ile programu inayoiendesha mashine, ni ya biti 32, kuhesabu kwake kunaishia giga 4, na hata hizo inagawana na vifaa vingine. Lazima iwekwe ya biti 64.

Halafu saa. Kibetri cha volti 3 kilichoko kwenye karte mere, kile kibao kikuu cha ndani, kilikuwa kimekufa zamani, na nilipochomoa waya mashine ikaamka ikiamini ni tarehe 1 Januari 2009. Intaneti yote ikakataa kufunguka, kila ukurasa unalalamika kwamba cheti chake cha usalama hakijaanza kutumika. Mimi nusura niiache hivyohivyo. Januari 2009! Mazembe, timu yetu ya mpira, bado hata haijachukua kombe la Afrika la mwaka ule, nami nina nywele.

Safari ya tatu dukani, mashine kwapani, kwa ajili ya kibetri. Kijana ananihurumia sasa. "Papa, memori haikukuwa tatizo. Tatizo ni disiki." Disiki ndiyo ghala la kila kitu unachohifadhi. Ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika na kimkono kinachotafuta huku na huku, kama bibi anayetafuta funguo. Ya kisasa, SSD, haina kinachozunguka. "Acha ile ya zamani hapa, nikupunguzie dola 5." Dola 5! Nilimpa mkono kabisa.

Kuweka Windows mpya kulichukua siku tatu, si kwa kosa la mashine. Unafika asilimia 80, umeme unakwenda. Unaanza upya, asilimia 60, umeme unakwenda. Umeme wa mtaa wetu unaondoka bila kuaga na kurudi bila zawadi.

Jioni ya leo kazi imekamilika. Sekunde 20, imewaka! Nikaita nyumba nzima. Mama watoto akatoka jikoni, unga wa bukari mikononi, akatazama, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Imekuwa muzuri, Baba wa batoto. Sasa weka ile video ya mdogo wangu."

Hii ni saa nne ya usiku. Simu ya kijana wa duka haipatikani. Mama watoto amevuta kiti, amekaa mbele ya ekra, anangoja. Nimemwambia inatafuta. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu namwomba Mungu umeme ukatike, na leo, leo hii, taa hata haipepesi.