Herufi Mbili za Mweka Hazina

Enzi zile harusi zinauzwa kwenye DVD, fundi wa mtaa nilikuwa mimi: kupiga video, kuediti, na kuweka majina ya watu chini ya skrini. Hapo kwenye majina ndipo nilipojiona bingwa. Herufi za dhahabu, zinaingia zikizunguka, zikitulia zinametameta kama jino la bandia.

Harusi hii mweka hazina wa kamati alikuwa Baba Neema, mzee wa kanisa, mtu wa suti ya kijivu na maneno ya taratibu. Ndiye pia aliyeshika salio langu. Nikasema huyu lazima nimpambe. "MWEKA HAZINA KAMATI YA HARUSI" ikagoma kuenea kwa ukubwa nilioutaka, nikafuta MWEKA, iliyobaki nikaivuta kushoto mpaka ukingoni.

Sasa, ile programu ina maboksi mawili ya mistari myembamba. La ndani ndiyo mpaka wa maandishi, linaacha kama asilimia 10 kila upande, kwa sababu televisheni za chogo hula kingo za picha. Nilikuwa nimeyazima. Yalikuwa yananichafulia kazi.

Jumapili ukoo mzima ukajaa sebuleni, watoto mkekani, chogo la inchi 21 juu ya kabati. Deki ikameza diski. Hotuba ya Baba Neema ikaanza, dhahabu ikazunguka, ikatulia. Chogo lilikuwa limekula herufi mbili tu:

ZINA KAMATI YA HARUSI

Na mzee kidole hewani: "Wanangu, mwenye ndoa hana njia za pembeni!"

Kwa kumheshimu, maandishi nilikuwa nimeyaacha hotuba nzima. Dakika 11. Yanametameta.

Shangazi mmoja akajiziba mdomo kwa kanga. Mimi nikajifanya natafuta rimoti, nayo nimeikalia. Ndipo Mama Neema akauliza, pole pole kabisa: "Baba Neema, kumbe vile vikao vya mpaka saa nne usiku vilikuwa vya kamati hii?"

Sebule ikalipuka. Mzee peke yake ndiye aliyekuwa anatafuta miwani.

Usiku ule sikulala, nilirekebisha na kurenda upya mpaka alfajiri. Diski mpya Mama Neema aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaifungia kabatini. Ile ya zamani akairudisha kwenye deki.