Mpelelezi, majini na fremu za mchoraji

Harry Dresden si mtu wa kofia. Wasomaji wa riwaya za Jim Butcher, zilizoanza kutoka mwaka 2000 na zinazomhusu mchawi anayekodiwa kufanya upelelezi katika jiji la Chicago, wanalijua hilo na wamelifanyia mzaha kwa miaka mingi, kwa sababu majalada ya vitabu hivyohivyo humwonyesha amevaa kofia pana iliyomfunika paji la uso. Maandishi yanasema hivi, picha inasema vile, na picha ndiyo iliyoshinda: mtu ambaye hajafungua hata kitabu kimoja, akiulizwa Dresden yukoje, atakutajia koti refu, fimbo na kofia. Naanza na jambo hili dogo kwa kuwa linabeba sehemu kubwa ya ubishi unaozuka pale mfululizo wa riwaya za upelelezi wenye mambo ya kichawi unapotakiwa kugeuzwa kuwa riwaya ya katuni.

Ubishi wenyewe umenikuta hapa Dar es Salaam. Rafiki yangu mmoja amekuwa akiuza kwa njia ya simu, sehemu kwa sehemu, hadithi za askari mstaafu wa Ilala anayepeleleza vifo ambavyo polisi wamekwisha kufunga majalada yake, akisaidiwa na bibi mmoja wa Kigamboni anayesemezana na majini. Amefikisha riwaya nne. Mchoraji wa katuni anayeishi Sinza amempendekezea wachukue riwaya ya kwanza, waichore yote na kuichapisha kama kitabu. Mwandishi anasita, mchoraji ana haraka, nami nimeombwa nipime. Niseme mapema kwamba naegemea upande wa kuchora, ila si kuichora riwaya ya kwanza.

Mchoraji ana hoja nzito, na ya kwanza ni historia. Msomaji wa mji huu hakuanza jana kumfuata mpelelezi kwa macho. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, gazeti la African Film lenye hadithi za mpelelezi Lance Spearman, zilizosimuliwa kwa picha za kamera zilizopangwa fremu baada ya fremu, lilisomwa sana Afrika Mashariki. Baadaye gazeti la Sani likawalea wasomaji wa Kiswahili kwa katuni za kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na wapo watu wazima leo ambao kusoma kwa raha walijifunzia humo kuliko katika vitabu vya shule. Kwa hiyo anayedai kwamba riwaya ya katuni ni kitu cha kuletwa kutoka nje anasahau kilichokuwa kinauzwa mezani kwa wauza magazeti.

Hoja yake ya pili ni jiji lenyewe, na hapa nadhani mwandishi hana jibu. Hadithi ya aina hii huishi kwa mahali. Uchawi wake hautishi kwa sababu ni uchawi. Unatisha kwa sababu umetokea kwenye kona unayoifahamu, mbele ya duka ambalo jana ulinunua sukari. Mwandishi hutumia aya mbili kuujenga Mtaa wa Msimbazi saa kumi na mbili jioni, wakati mchoraji anaufikisha kwa fremu moja: mikokoteni, mabango, nyaya za umeme zilizosongamana, muuza kahawa na kengele yake ya vikombe, na katikati ya umati mtu mmoja asiye na kivuli. Msomaji wa Kariakoo atakigundua kivuli kilichokosekana akiwa anatafuta duka la mjomba wake. Nathari, yaani maandishi ya kawaida yasiyo na picha, haiwezi kuficha kitu namna hiyo, kwa kuwa sentensi ikishataja kivuli imekwisha kukinyooshea kidole.

Nieleze hilo kwa jini tunayemfahamu sote, yule mwanamke mzuri wa usiku ambaye baibui limemfika chini na ndani yake mna kwato. Katika maandishi, mwandishi akitaja tu upindo wa baibui, msomaji wa pwani ameshajua kinachofuata. Mchoraji anaweza kumkata kwa ukingo wa fremu, kurasa kumi mfululizo, bila kumwonyesha chini ya magoti hata mara moja, na hakuna atakayeshuku kwa sababu kukata mwili ni kawaida ya fremu. Siku miguu inapoonekana, msomaji hurudi nyuma kukagua na kukuta kwamba hakudanganywa, alikuwa haonyeshwi. Upelelezi unataka haki ya namna hiyo hasa, ambapo dalili zote zipo wazi na bado unashindwa kuziona.

Sasa upande wa mwandishi, ambao binafsi umenichukua muda mrefu zaidi kuuelewa. Hofu yake kubwa ni sauti. Riwaya zake husimuliwa na mstaafu mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, na watu hulipia sehemu inayofuata kwa ajili ya maneno yake kuliko kwa ajili ya muuaji. Mahali fulani anasema: “Nilimkuta marehemu ametulia kuliko alivyowahi kutulia enzi za madeni yake.” Mchoraji atachora maiti iliyotulia, lakini madeni yatachorwaje? Yataingia katika kisanduku cha maelezo juu ya fremu, na hapo kuna mtego, kwani msimulizi mwenye maneno mengi huzaa visanduku vingi, visanduku hufunika picha, na mwishowe mtu anasoma riwaya iliyofupishwa ambayo mtu mwingine ameipamba pembeni. Ukivipunguza, umemnyamazisha yule ambaye wasomaji walikuja kumsikiliza.

Mashabiki wa Dresden wameuona mzani huu ukielemea huku na kule. Hatua ya kwanza katika katuni, mwaka 2008, haikuwa kuchora riwaya yoyote. Ilikuwa kisa kipya cha matoleo manne, kilichotangulia riwaya ya kwanza, kuhusu kifo katika bustani ya wanyama ya Lincoln Park ambacho sokwe alisingiziwa. Mwaka uliofuata kisa hicho kiliteuliwa kuwania Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na za kichawi, katika kundi la hadithi za picha. Baada yake ndipo riwaya ya kwanza na ya pili zikachorwa, kila moja ikichukua matoleo manane. Ikaishia hapo. Kuanzia mwaka 2013 visa vilivyochorwa vilikuwa vipya, vikipachikwa katika mianya iliyopo kati ya riwaya na riwaya. Hesabu peke yake inatosha kueleza sababu: kufikia mwaka 2012 riwaya zilikuwa zimefika 14, na kwa matoleo manane kila moja ungehitaji matoleo 112, yaani zaidi ya miaka tisa hata kama lingetoka moja kila mwezi bila kukosa, huku mwandishi akizidi kukimbia mbele. Nashuku pia, ingawa hili ni langu, kwamba visa vipya vilipumua vizuri zaidi kwa sababu vilifikiriwa kama picha tangu mwanzo.

London walilielewa hilo bila kupita njia ndefu. Mfululizo wa Ben Aaronovitch ulioanza mwaka 2011, kuhusu konstebo Peter Grant anayejifunza uchawi katika jiji ambalo mito yake ina miungu, uliingia katika katuni mwaka 2015 kwa kisa kipya kabisa, kilichoandikwa na Aaronovitch pamoja na Andrew Cartmel na kuchorwa na Lee Sullivan. Ni muhimu kukumbuka kwamba waandishi wote wawili walikuwa wamefanya kazi ya miswada ya televisheni kabla ya hapo, kwa hiyo kuifikiria hadithi kwa macho hakukuwa kugeni kwao. Rafiki yangu hana uzoefu huo, na mchoraji asidhani kwamba kumpa mwandishi karatasi yenye fremu sita kutamfundisha ndani ya wiki moja. (Kuhusu mito yenye wenyewe, aliyewahi kuishi hapa wakati wa masika akauona Msimbazi ukipanda Jangwani na kufunga barabara hahitaji Mwingereza wa kumshawishi.)

Huyohuyo Peter Grant anatoa hoja nyingine inayokata pande zote mbili. Mama yake anatoka Sierra Leone, na katika riwaya rangi yake hujitokeza pale inapohusu jambo, kisha hupumzika. Katika katuni haipumziki. Ipo katika kila fremu anayotokea. Wapo watakaosema hiyo ni faida, maana hakuna msomaji atakayeweza kujisahaulisha kwamba shujaa ni mweusi. Wapo watakaosema picha inalazimisha kila wakati kile ambacho nathari ilikuwa inakitaja kwa kipimo. Kwa hadithi ya Dar jambo halitakuwa rangi, bali kofia, kanzu, hirizi na chale: vitu vinavyomtambulisha mtu kwa dini yake au kwao mara tu vinapochorwa. Mstaafu wa Ilala amepita riwaya nne bila sisi kujua kama huvaa baragashia, na wasomaji wa kila namna wamemchukua kuwa mtu wao. Siku atakapochorwa, baadhi yao watampoteza.

Lakini lililo gumu kuliko yote si sura ya mpelelezi. Ni sura ya mchawi.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza kwa kuushuku mzimu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Mohammed Said Abdulla kilichotoka mwaka 1960, mpelelezi Bwana Msa anakuja na kiko chake kutafuta mkono wa binadamu mahali ambapo wengine wametosheka kusema ni mizimu. Rafiki yangu amegeuza jambo hilo, kwa kuwa kwake jini yupo kweli na huenda ndiye mhalifu, na utamu wa visa vyake ni ile hali ya kutojua, hadi karibu na mwisho, kama aliyefanya ni mtu au si mtu. Nathari inaweza kukaa kwenye ukungu huo kwa kurasa mia. Picha ina shida kukaa humo, kwani jini akishachorwa amethibitishwa. Popobawa, aliyezua taharuki kubwa Pemba na Unguja mwaka 1995, alitisha visiwa vizima bila watu kukubaliana yukoje. Mchore kama popo mkubwa mwenye jicho moja, na umepata kikaragosi cha kuchekesha watoto.

Tena mchawi anayechorwa lazima apewe uso, na nyuso za wachawi katika nchi hii zina watu wa kweli nyuma yake. Vikongwe wameuawa Kanda ya Ziwa kwa sababu ya macho mekundu ambayo mara nyingi yametokana na moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, na hao waliowawinda walikuwa wameaminishwa hadithi. Bibi wa Kigamboni katika maandishi ni sauti yenye busara na ukali. Akichorwa amekunjamana, macho mekundu, mwanga wa kibatari ukimpiga kutoka chini, mchoraji atakuwa amerudia ile picha iliyokwisha kuua, hata kama hadithi inasema bibi ni mwema. Mchoraji aliponiambia kwamba “hivyo ndivyo watu wanavyomtegemea aonekane”, nilimjibu kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe. Hoja hii haizuii kuchora. Inataka bibi awe na uso wa mama yeyote anayeteremka kwenye kivuko cha Magogoni na kikapu cha samaki.

Kuhusu gharama sina mengi: rangi ni ghali, nyeusi na nyeupe inafaa hadithi ya usiku, na wasomaji tayari wamezoea kulipia vipande vifupi kwenye simu, kwa hiyo hakuna lazima ya kuanza na kitabu kinene.

Nikirudi kwenye ukungu wa jini, ipo njia ya wachoraji ambayo mwandishi hakuijua. Mchora katuni Mmarekani Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu namna katuni zinavyofanya kazi, anaonyesha fremu ya mtu aliyeinua shoka na fremu ya pili yenye ukelele tu juu ya mji, kisha anasema pigo lenyewe limefanywa na msomaji, katika uwazi mweupe ulio kati ya fremu hizo mbili. Jini wa rafiki yangu aishi katika uwazi huo. Aonekane mlango kabla na mlango baada, maji ya ndoo yakiwa yametikisika, mbwa akitazama kona isiyo na kitu, na asichorwe kamwe hadi kesi ifungwe, pengine hata baada ya kufungwa. Kwa masharti hayo picha inaweza kuutunza ukungu kuliko maneno.

Ndiyo maana ushauri wangu kwao ni kisa kipya, kifupi, kurasa 24 hivi, kinachotokea kati ya riwaya ya pili na ya tatu, ambacho mstaafu hasimulii sana kwa kuwa usiku huo yuko kazini na bibi ndiye mwenye maneno. Riwaya ya kwanza ibaki ilivyo, wasomaji wapya wataifuata wenyewe wakivutiwa. Mchoraji amekubali nusu: anataka walau ukurasa mmoja wa mwanzo wa kueleza mstaafu ni nani. Mwandishi naye amekubali nusu, ila jana alipoulizwa na mchoraji kama mstaafu ana ndevu, alikaa kimya kitambo, akasema atampigia.