Niuzieni yenye kutu

Pikipiki ya zamani ikiwa imepigwa rangi wiki iliyopita, mimi hata bei siulizi. Najua madalali hawatalipenda neno hili, na baadhi yao ni rafiki zangu, lakini rangi mpya kwenye Yamaha DT ya mwaka 1978 ni sawa na manukato kwa mtu ambaye hajaoga. Chini ya ile rangi nyeusi ya kupuliza kuna fremu iliyopasuka shingoni ikachomelewa, kuna tangi lililotoboka likazibwa kwa gundi, kuna silinda iliyovunjika mapezi. Yenye kutu inakuonyesha yote hayo ukiwa bado umesimama na hela yako mfukoni.

Nazungumzia zile pikipiki za porini za Kijapani za kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mpaka katikati ya miaka ya 1980: Yamaha DT na XT, Honda XL, Suzuki TS. Kwa Yamaha ukoo huu ulianza na DT-1 ya mwaka 1968, yenye injini ya cc 246, iliyobuniwa hasa kwa ajili ya Wamarekani. Kabla ya hapo waliotaka kwenda porini wengi wao walichukua pikipiki ya lami, wakaipandisha ekzosi juu, wakabadili tairi, yaliyobaki wakamwachia Mungu. DT-1 ilitoka dukani ikiwa tayari kwa tope, huku ina taa na namba za kukupeleka kazini Jumatatu. Baadaye ikaja XT500, na Cyril Neveu akashinda nayo mbio za kwanza za Paris–Dakar, zilizoanza Desemba 1978 na kumalizika Januari 1979, kisha akarudia tena mwaka 1980. Ndiyo maana Wafaransa mpaka leo wakiiona XT500 wanasimama.

Kwetu Tanzania hazikuja kwa mbio. Zilikuja kikazi, na nyingi zilikuwa ndogo, za cc 100 au 125. Alizipanda bwana shamba, akazipanda padri, akazipanda mtu wa chanjo mwenye sanduku la barafu nyuma. Mradi ulipokwisha zilipigwa mnada, zikaenda kwa mwalimu, kutoka kwa mwalimu zikaenda kwa fundi, na kutoka kwa fundi zikaishia chini ya mparachichi nyuma ya nyumba ya mtu. Huko ndiko pa kuzitafuta. Ukiulizia kijijini kwa jina la kiwandani unaweza usipate jibu; ulizia pikipiki ya bwana shamba, mzee mmoja atakuonyesha mlango.

Kabla ya injini, kadi. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa shingoni mwa fremu na ile iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, hata kama inabidi upige magoti na kusugua kwa kitambaa chenye petroli. Kadi ikiwa bado ina jina la mradi uliokufa zamani, na hakuna karatasi ya mnada, salimia uondoke. TRA, yaani mamlaka ya mapato, hawatakubadilishia umiliki kwa sababu mzee ni mtu mwema.

Ukifika ukakuta muuzaji ameshaiwasha, mwambie unakunywa chai kwanza, utarudi ikipoa. Injini ya moto huwaka hata ikiwa mgonjwa. Ikishapoa, sukuma kiki taratibu kwa mkono, usiikanyage. Ikikugomea pale juu ujue kuna mgandamizo. Ikishuka tu kama mlango usio na komeo, ringi zimekwisha au silinda imeliwa. Uliza silinda imeshachongwa mara ngapi ili iingie pistoni kubwa zaidi. Pistoni ya DT125 kiwandani ina kipenyo cha milimita 56, na za akiba huongezeka kwa robo milimita mpaka kufikia milimita moja. Aliyekwisha kufika kwenye hiyo ya mwisho hana tena pa kuchonga, atatafuta silivu mpya, yaani bomba la ndani la silinda, na wewe ukinunua hiyo shughuli inakuwa yako.

Halafu moshi. Injini ya mipigo miwili, kama ya DT, inachoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo lazima ifuke, huo si ugonjwa. Moshi wa bluu wa mwanzo hupungua ikishapata joto. Usiopungua ni mweupe na mzito, na oili ya gia inakwisha bila kuvuja nje. Hapo sili ya kranki, ule mpira unaoziba kwenye mhimili wa injini, upande wa klachi imekufa, injini inainywa oili ya gia. Mbaya zaidi ni sili ya upande wa pili, kwa sababu ile haitoi moshi. Inaingiza hewa. Utasikia injini inapanda mlio yenyewe wakati umeachia mafuta, na muuzaji atakuambia kwa fahari kwamba ina nguvu. Haina nguvu. Inaungua, na siku si nyingi pistoni itashika. Sili zenyewe si ghali, ila kufika zilipo ni kazi ya fundi mwenye subira.

Kitu kinachoniudhi kuliko kutu ni hizi pikipiki zilizopachikwa. Kabureta ya Boxer, ekzosi ya sijui nini, waya za taa zimefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi. Taa, vioo, cheni, tairi, weka chochote unachopata, silalamiki. Lakini ekzosi ya mipigo miwili ni sehemu ya injini: lile tumbo lake limepimwa ili mawimbi ya moshi yarudi kwa wakati na kuizuia petroli mbichi isitoroke. Ukilikata ukachomelea bomba la pikipiki ya mipigo minne, umebaki na kelele.

Najua swali linalofuata: kwa nini nisinunue Boxer mpya? Kama unabeba abiria au gunia la viazi, nunua Boxer, sina ubishi. Spea ziko kila kona na inakula mafuta kidogo. Mimi nasema habari ya mtu anayetaka kupanda mlima siku ya mapumziko kwa raha yake. Gurudumu la mbele la inchi 21, kama nyingi za kundi hili zilivyo nalo, linapita juu ya jiwe ambalo dogo lingeligonga, na ukisimama kwenye vikanyagio pikipiki inacheza chini yako bila kukurusha.

Mahali pa kulihakikisha hilo ni njia ya kutoka Chimala kupanda Matamba, ile wanayoiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. DT ya 125 kwenye mlima ule ina tabia yake: chini imelala, ukiisukuma inaamka ghafla. Kwa hiyo usingoje izimike. Shuka gia kabla ya kona, iache ilie, na macho yatazame unakotoka kona, si jiwe lililo mbele ya tairi. Ukikaribia juu itaanza kukohoa. Si ugonjwa huo. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa bondeni inamwaga petroli nyingi mno. Fungua plagi uione ilivyo nyeusi tii. Ukibadili jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, ukaweka ndogo zaidi inatulia, ila ukumbuke kuirudisha ile kubwa kabla hujashuka. Na shuka mapema: nyingi za miaka ya 1970 zina umeme wa volti 6, taa yake inakusaidia uonekane tu.

Kushuka ndiko kunakonigombanisha na mafundi. Breki zenyewe ni za ngoma, zinapata moto na kulegea, kwa hiyo mtu anaingiza gia ndogo na kuachia mafuta ili injini isaidie kuzuia. Yamaha waliweka pampu inayopeleka oili ya 2T, ile ya mipigo miwili, kwenye injini kadiri inavyozunguka na kadiri unavyovuta mafuta, hivyo hata ukiachia, tone linaendelea kufika. Fundi anaing'oa, anakwambia changanya oili kwenye tangi, ndiyo salama. Tambarare, sawa. Kwenye mteremko mrefu umefunga mafuta, petroli inaingia kidogo mno, na oili iliyochanganywa humo inaingia kidogo vilevile, huku magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi. Ukilazimika kushuka hivyo, kamata klachi kila baada ya muda na uvute mafuta kidogo. Pampu nyingi nilizoambiwa zimekufa zilikuwa na hewa tu kwenye mpira. Kuna skrubu ndogo ya kuitolea. DT isiyo na pampu naomba nipunguziwe bei, kisha namtafuta fundi aliyeing'oa, kwa sababu mara nyingi bado iko kwenye boksi chini ya benchi lake.