Kidole Tumbo Kikishakatwa, Kipelekwe Maabara?

Mwaka 1976, katika kaunti ya Oneida, jimbo la New York, watoto 16 walipasuliwa kidole tumbo. Chanzo kilikuwa maziwa ya chokoleti ya shuleni yaliyokuwa na bakteria aitwaye Yersinia enterocolitica. Huyu huvimbisha tezi za tumboni na mwisho wa utumbo mwembamba: maumivu chini kulia, homa juu, na daktari anashika kisu akidhani ni kidole tumbo.

Visa vya namna hiyo ni nadra. Kwa kawaida kidole tumbo huziba, mara nyingi kwa kinyesi kilichokauka au tezi zilizovimba, kisha bakteria wa kila siku wa utumbo wanashambulia. Ndiyo maana wapo madaktari wasioona haja ya kupeleka kila kipande patholojia, yaani maabara inayochunguza nyama ya mwili kwa hadubini, na hoja wanayo. Wataalamu ni wachache na wengi wako hospitali kubwa za mijini. Ndugu hukabidhiwa kopo lenye kipande ndani ya fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, wakalipeleke na kulipia wenyewe. Jibu likija, mgonjwa kashatolewa nyuzi, yuko shambani.

Lakini kuna TB. Kwetu Afrika Mashariki TB ya tumbo si hadithi, na hupenda pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, jirani kabisa na kidole tumbo. Mpasuaji anaweza kuona kidole kilichovimba tu, basi. Mgonjwa anarudi na kidonda kinachovuja, anaongezewa antibiotiki za kawaida, kumbe alihitaji dozi ya miezi sita.

Mimi naegemea kupeleka, hasa kama mgonjwa amekonda, anatoka jasho usiku, anaishi na VVU au nyumbani kuna mtu wa TB. Ila watetezi wa maabara nao wanaikuza mno. Yersinia huweza kuacha vinundu ambavyo kwenye hadubini vinafanana na vya TB, na fomalini huua vimelea, kwa hiyo kuviotesha, yaani kuvikuza maabara ili vitambuliwe, haiwezekani tena. Kwa mgonjwa anayetiliwa shaka, kipande kibichi kitengwe kwanza kwa ajili ya kuotesha au kipimo cha GeneXpert, mashine ya kutafuta vimelea vya TB ambayo hospitali nyingi za wilaya tayari zinaitumia kwa makohozi. Kinachotakiwa ni kikopo kisafi, na mtu chumba cha upasuaji wa kusema "subiri" kabla fomalini haijamiminwa.