Ukiwasha monita ya pili, Wi-Fi inakufa

Hii kero inaniudhi kweli. Ukiwa na monita moja, intaneti inakwenda vizuri. Washa ya pili, Wi-Fi inazorota na mausi isiyo na waya inaanza kukwamakwama. Ukiomba msaada, jibu ni lile lile: zima ruta, uiwashe tena. Ruta haina kosa!

Waya wa HDMI, ule unaounganisha monita na kompyuta, ukiwa hauna kinga nzuri huvujisha kelele ya redio, na USB 3.0 (tundu la kasi la kuchomekea vifaa) nayo hutoa kelele papo hapo kwenye gigahezi 2.4, masafa yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi, Bluetooth na mausi. Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, waliliandika hilo la USB wazi tangu mwaka 2012. Sasa kwa nini antena za Wi-Fi bado zinawekwa nyuma ya kasha la chuma la kompyuta, katikati ya rundo la waya? Mnunuzi ndiye anaachiwa kuchomoa monita moja moja akimtafuta mchawi.

Hamishia Wi-Fi kwenye gigahezi 5, kama ruta yako inazo. Kipokezi cha mausi kisogeze mbali na kasha kwa waya wa kurefushia. Mara nyingi hata nusu mita inatosha. Ikishindikana, badilisha waya wa monita. Haya yalipaswa kuandikwa kwenye boksi tangu dukani.