Mikono Michafu Mstarini

Katika mkutano wa wazazi uliofanyika hivi karibuni kwenye shule moja ya msingi huku wilayani Urambo, mkoani Tabora, shule ambayo sitaitaja, mwalimu alisimama akasoma orodha ya watoro, jina baada ya jina, kisha akatutangazia kwa fahari kwamba wote wamekwisha kuchapwa na kwamba nidhamu sasa inaimarika. Wazazi wakapiga makofi. Jirani yangu wa kiti, ambaye wawili kati ya watoto waliotajwa humchumia tumbaku shambani kwake kila msimu, alipiga makofi kuliko sisi sote. Shule ilikuwa imewaadhibu watoto kwa kosa lake, naye akaishukuru hadharani.

Kila anayezungumzia ulinzi wa mtoto shuleni husema kwamba walimu wanahitaji mafunzo ya kutambua dalili za ukatili na utelekezaji. Mafunzo hayo yatolewe, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba hapa kwetu dalili huonekana kila siku ya shule, kabla hata ya kengele ya kipindi cha kwanza, na zikishaonekana huchapwa fimbo.

Watoto hupanga mstari asubuhi, mwalimu wa zamu akapita akikagua kucha, viganja na kola za mashati. Yeyote aliyekulia Tabora anajua kwamba jani bichi la tumbaku huacha mikononi utomvu unaonata, ambao ukikauka hugeuka mweusi na haukubali kutoka kwa sabuni ya mche. Mtoto aliyeamshwa alfajiri kuchuma kabla ya kuja shule hufika na vidole vyeusi hadi kwenye maungio. Mwalimu huviona vizuri kabisa, kwa sababu huko ndiko anakoangalia, kisha humchapa kwa uchafu. Asubuhi hiyo hiyo mtoto huyo anaweza kutapika darasani au kulaza kichwa juu ya dawati, kwa kuwa jani lenye umande huipitisha nikotini kwenye ngozi, nayo huleta kizunguzungu, maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Mwalimu mkali atasema ni mvivu. Mwalimu mwenye huruma atasema ni malaria na kumruhusu aende nyumbani apumzike, yaani arudi shambani.

Baada ya hapo lipo daftari la mahudhurio, ambalo kwa maoni yangu linaeleza mengi kuliko ripoti zote za semina. Miche ya tumbaku hupandikizwa mvua zinapoanza, karibu na Novemba na Desemba. Kuchuma na kukausha hushika kasi baada ya mwaka mpya. Kisha huja kazi ya kupanga madaraja na kufunga mizigo hadi masoko yafunguliwe. Moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, hauachwi uzimike usiku, na katika kaya nyingi anayeamka kuuchochea si baba. Mwalimu anayeliweka daftari lake kando ya kalenda hiyo ataona majina yale yale yakikatika katika miezi ile ile, na hatahitaji mtaalamu kutoka Dodoma kuja kumfafanulia. Kinachofanyika badala yake ni kuhesabu siku, kuandika orodha na kutafuta fimbo.

Kuhusu fimbo yenyewe sitasema mengi. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kumbukumbu. Anayeamini kwamba hivyo ndivyo inavyofanyika mstarini na aendelee kuamini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu nusu au zaidi ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili na walimu walipokuwa watoto. Tunawatuma watoto wakaripoti kwa watu wanaowaogopa, kisha tunashangaa kwamba sanduku la maoni ni tupu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mwalimu naye amebanwa. Darasa lake limefurika, nyumba anayopanga ni ya mkulima yule yule ambaye angepaswa kumripoti, na afisa ustawi wa jamii yuko mbali, makao makuu ya wilaya. Nakubali pia kwamba wazazi wengi wamekopa pembejeo kupitia chama cha msingi cha ushirika na deni halisubiri mtoto amalize darasa la saba. Tena si kila mtoto anayeshika jembe ameonewa. Sisi sote tulilima. Lakini sheria inazungumzia kazi nyepesi, na kwa mtoto aliyefikisha miaka 14, jambo ambalo haliwezi kunyooshwa likamfikia mtoto wa miaka tisa anayekesha kwenye bani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali za mitaa, nayo haikuweka msamaha kwa mpangaji. Anayeogopa kuonekana ofisini kwa mtendaji anaweza kupiga 116 bila malipo.

Ninachoomba hakihitaji fedha za mradi. Mwalimu aulize kabla ya kuchapa, na aulize pembeni, si mbele ya shule nzima. Mwalimu wa malezi apunguziwe vipindi, na kila mwisho wa mwezi majina yanayokatika yapelekwe kwenye kamati ya kata ya ulinzi wa wanawake na watoto badala ya kusomwa kwenye mkutano wa wazazi, ambako wenye mashamba wamejaa viti vya mbele.

Hata hivyo, wapo watoto ambao daftari haliwezi kuwasaidia kwa sababu hawamo. Ni wale wanaokuja na familia za vibarua wa msimu, wengine kutoka Kigoma, bila barua ya uhamisho, wakalala kwenye vibanda vya shambani mpaka mauzo yaishe. Mwenyekiti wa kitongoji anazijua kaya hizo moja baada ya nyingine, kwa kuwa hazikosi kufikiwa michango inapokusanywa. Mwalimu mkuu na amwendee kabla ya miche kupandikizwa, amwombe majina ya watoto wa umri wa shule, na awaandikishe hata kama barua ya uhamisho haijapatikana.