Kabla ya Kuigeuza Hoteli Kongwe, Muulize Fundi Bomba

Miji midogo ya Marekani bado ina hoteli za ghorofa zilizojengwa miaka ya 1920, nyingi kwa hisa walizochangishana wenyeji: wenye maduka, madaktari, mawakili. Faida ilikuwa jambo la pili. Mji usio na hoteli ya maana ulijiona duni mbele ya jirani yake. Kisha magari yakaongezeka. Holiday Inn ya kwanza ilifunguliwa Memphis mwaka 1952, sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu ikapitishwa mwaka 1956, na msafiri akahamia kando ya barabara, anakoegesha gari mlangoni pa chumba chake. Hoteli za katikati ya mji zikageuka vyumba vya kupanga kwa wiki, nyingine zikawa makazi ya wazee yenye ruzuku ya serikali, nyingine zikafungwa na kuachiwa njiwa.

Siku hizi miji inataka kuzifufua, na mjadala huanzia pabaya: bango la zamani lirudishwe? Rangi iwe ipi? Kwa maoni yangu, mtu wa kwanza kuulizwa ni fundi bomba.

Mfanyabiashara wa hoteli Ellsworth Statler alipofungua hoteli yake Buffalo mwaka 1908, kila chumba kikiwa na bafu lake, alipanga bafu za vyumba viwili zipeane mgongo na kutumia dakti moja, yaani njia ya wima ya kupitishia mabomba toka chini hadi juu. Wengi waliiga. Ndiyo maana leo, ukiunganisha vyumba viwili kupata fleti moja, jiko linatakiwa likae jirani na dakti hiyo. Ukilipeleka dirishani kwa sababu ya mwanga, bomba la maji machafu litadai mteremko wa inchi 1/4 kwa kila futi. Futi 16 ni inchi 4, bado unene wa bomba lenyewe, na dari itakayoshushwa ni ya mpangaji wa chini.

Mabomba ya maji safi ya enzi hizo mara nyingi ni ya chuma kilichopakwa zinki, nayo huota kutu kwa ndani mpaka tundu linabaki jembamba. Kuyapima ni rahisi: fungua maji ghorofa ya juu, mwenzako afungue ghorofa ya chini kwenye dakti ileile. Ya juu yakigeuka uzi na pampu ni nzima, usibadilishe kipande. Ng'oa safu yote.

Kuta za kati ya vyumba hazisumbui sana. Kwenye jengo la nguzo za zege au chuma, kuta hizo kwa kawaida ni za matofali ya udongo yenye matundu na hazibebi mzigo. Ila zinapasuka ovyo zikichimbwa mifereji ya nyaya, hivyo afadhali ukuta mwembamba wa pili mbele yake. Jengo lisilo na fremu hiyo ya nguzo ni habari nyingine. Usiguse ukuta kabla mhandisi hajafika.

Kazi yenyewe ianzie juu, kwenye paa na ukingo wake. Maji yakipenya hufikia linta za chuma juu ya madirisha. Kutu hutanuka na kuinua matofali, na utaona ufa wa mlalo pale pale juu ya dirisha. Kuuziba kwa saruji ngumu ni kuongeza ugonjwa. Tofali laini la zamani hutolea unyevu kwenye maungio, na ukiyafunga, barafu ya majira ya baridi itabandua uso wa tofali. Tumia chokaa na mchanga.

Halafu ngazi. Hoteli ya Winecoff huko Atlanta, ghorofa 15, ilitangazwa kuwa haiungui. Tarehe 7 Desemba 1946 walikufa humo watu 119. Ngazi ilikuwa moja tu. Ngazi ya pili yenye milango ya kuzuia moto hula takriban chumba kimoja kila ghorofa, na hesabu nyingi za wawekezaji huvunjikia hapo.

Nafuu ya kodi ya serikali kuu ni asilimia 20 ya gharama za ukarabati, kwa jengo la kihistoria linaloingiza kipato. Lakini inagawanywa kwa miaka 5, na fundi anataka fedha yake sasa. Sharti lake la kutovuruga korido na mapokezi hulalamikiwa kwamba linapoteza nafasi. Mimi naliunga mkono: juu wapangaji wa kudumu, chini mgahawa na maduka, mapokezi yabaki wazi kwa kila mpita njia. Kuirudisha kuwa hoteli tupu ni kuutegemea tena mgeni yuleyule aliyeikimbia.

Kinachobaki kigumu ni ukumbi wa dansi. Hauna nguzo katikati, hujaa wikendi tu, na besi ya muziki hupita kwenye zege bila hodi. Ghorofa iliyo juu yake wapewe wenye ofisi, wanaofunga jioni.